Ruhusa ya Mjomba

Kuna watu wakifikwa na jambo hukimbilia kwa jirani, wengine kwa mganga, na wengine kwenye kibuyu cha tembo. Hilario wa Mzenga, yeye akifikwa na jambo alikuwa analala. Usimcheke mapema. Hakuwa mvivu: shamba lake la mihogo lilipaliliwa vizuri kuliko mashamba ya jirani zake, na mipini ya majembe aliyoichonga ilitafutwa mpaka Kisarawe. Kulala kwake kulikuwa ibada, na ibada hiyo nusura imuue mtoto.

Ilianza alipomwoa Matilda. Matilda, ambaye kabla ya ubatizo aliitwa Sikudhani, alikuja kwake na mtoto wa kike wa mwaka mmoja mgongoni. Mwanamume aliyemzaa mtoto yule alikwenda kwenye mashamba ya mkonge, akaaga kwamba atarudi msimu ukiisha. Msimu uliisha, ukaja mwingine, na yeye hakuonekana. Wanaume wa Mzenga wakapata la kusema: "Hilario kanunua kuku, kapewa na kifaranga cha nyongeza." Hilario alicheka pamoja nao, lakini utani ule ulimchoma. Padri aliyefungisha ndoa alimwona ameinamisha kichwa, akamvuta pembeni.

"Mchukue Mtakatifu Yosefu awe somo wako," alimwambia. "Naye alilea asichozaa."

Akampa na picha, ndogo ya kutosha kiganjani: mwanamume mwenye ndevu amemshika mtoto mkono.

Basi Hilario akamganda katekista wa kigango chao kama luba. Kila Jumapili baada ya sala: nisomee habari za Yosefu. Katekista alisoma yaliyopo, nayo si mengi. Yosefu alipotaka kumwacha Maria, malaika alimjia ndotoni akamwambia asiogope. Herode alipotaka kumuua mtoto, malaika akamjia ndotoni akamwambia akimbilie Misri. Hatari ilipopita, malaika yuleyule, ndotoni vilevile. Hilario akajumlisha mwenyewe: kumbe baba huelekezwa usingizini. Tangu hapo, jambo likimtatiza aliiweka picha upande wa kichwani, akasali, akajilaza. Mara mbili tatu mambo yalijinyoosha yenyewe huku amelala, na hapo akazidi kuamini.

Mtoto walimbatiza Genoveva. Mjomba wake, Mwinyijuma, ambaye alikuwa Mwislamu kama ukoo wote wa Matilda, hakujisumbua na jina hilo. Aliendelea kumwita Mwanamvua, jina alilopewa na bibi yake siku aliyozaliwa. Na mjomba ndiye aliyekuwa mwenye mtoto. Kwa Wazaramo wa siku zile, mtoto alikuwa wa upande wa mama. Baba alilisha, alivisha, alibeba mgongoni, lakini neno la mwisho juu ya mtoto, aozwe wapi, aaguliwe na nani, lilikuwa la mjomba. Ikiwa baba mzazi hakuwa na neno, huyu wa kulea angelipata wapi?

Mwezi wa Machi mwaka 1937, Genoveva alikuwa na miaka saba. Siku ya Jumanne Hilario alikuwa uani akichonga mpini, akaitwa na jirani amsaidie kuinua boriti. Akaliacha tezo chini, makali yakitazama juu. Genoveva alikuja mbio akimfukuza kuku. Chuma kikaingia unyayoni mpaka kikagota mfupa.

Bibi Zubeda, mama yake Matilda, alikuja siku ileile na majani yake. Alikuwa hodari wa vidonda, hilo tusimnyime. Akaosha, akaponda, akafunga. Alipomaliza alisema bila kumtazama mkwewe, maana kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni: "Tezo ni la nani?"

Wala hakuwa akiuliza.

Kesho yake, Jumatano, zilikuwa zimebaki siku tisa kufika sikukuu ya Yosefu, na Hilario akaanza novena. Siku ya tatu mguu ukavimba hata kifundo kikapotea. Matilda akasema mtoto apelekwe hospitali Kisarawe. Bibi Zubeda akasema apelekwe, kwa nini asipelekwe, ila kwa ruhusa ya mjomba wake. Mwinyijuma alikuwa Rufiji kwenye biashara yake ya mikeka. Wakamtumia salamu kwa mtu aliyekuwa anashuka huko. Kwenda siku nne, kurudi siku nne, ukipata bahati na mito.

"Siku nane, mama?" Matilda alisema. "Mguu huu utangoja siku nane?"

"Muulize Kibwana," alijibu Bibi Zubeda.

 Kibwana alikuwa mtu wa palepale Mzenga. Miaka miwili nyuma alimbeba mwanawe wa kumzaa, akampeleka hospitali bila kumngoja mjomba, na mtoto akafia huko. Baraza la wazee likakata kwamba aliyemwondoa mtoto ndiye aliyemuua. Mkewe akarudishwa kwao pamoja na watoto waliobaki. Sasa Kibwana alikuwa anachoma mkaa peke yake kule Maili Moja, na wanawe walifundishwa kugeuza uso wakikutana naye njiani. Hilario alikuwa amemwona mara moja, amesimama kando ya barabara na gunia lake, anawatazama watoto wa watu.

Kwa hiyo Hilario akalala. Kila alasiri, baada ya sala ya novena, alijitandaza na picha kichwani, akafumba macho kwa nguvu, akimngoja malaika. Siku ya nne aliota anamfukuza nguruwe kwenye mihogo. Siku ya tano alimwota marehemu mama yake akimwomba chumvi. Akaenda kumuuliza katekista, je, chumvi yaweza kuwa ishara? Katekista, mtu mwungwana, alisema hajui. Siku ya sita hakuota kitu, na mtoto akaanza kuweweseka.

Siku ya tisa mguu ulitoa harufu. Mstari mwekundu ulipanda kutoka kifundoni kuelekea gotini, na Matilda alikuwa ameutia alama ya mkaa asubuhi ili aone kama unasogea. Jioni ulikuwa umepita alama kwa upana wa vidole vitatu. Alikwenda chumbani akamkuta mumewe amejilaza.

"Amka," alisema. "Malaika atakuja kukwambia nini ambacho wewe hukioni? Kwamba mtoto anaoza? Mimi nakwambia: mtoto anaoza!"

"Bado kesho, Matilda. Kesho ndiyo sikukuu yenyewe."

"Huyo Yosefu wako," Matilda alisema, "kila nikimsikia katekista anasoma, nasikia neno akaamka. Akaamka, akamchukua mtoto. Sijasikia mahali aliposomewa kwamba alilala siku tisa."

 Hilario aliona aibu, aibu ya kweli, kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Hofu yake yote alikuwa ameivika kanzu ya ibada, na mkewe ameivua mara moja. Ndoto hakuwa anaingoja. Alikuwa anaingoja miguu ya Mwinyijuma iingie uani, ili lolote litakalotokea liwe la mtu mwingine.

Ijumaa ya sikukuu, adhuhuri, wanaume wa Mzenga walikwenda msikitini. Wingu lilikuwa zito upande wa Kisarawe. Hilario aliingia ndani, akamkuta Genoveva midomo imekauka, macho nusu wazi. Akamfunga mgongoni kwa kanga mbili za mamaye. Mtoto alikuwa wa moto kiasi kwamba aliusikia ujoto ule kupitia shati.

Bibi Zubeda alikuwa ameketi mlangoni. Matilda alijaribu kumwita nyuma ya nyumba amwonyeshe mchele uliovunda. Hakuondoka.

"Hilario, unakwenda wapi na mtoto wetu?"

Angeweza kusema anampeleka chooni. Mtu mwingine angesema hivyo na angekuwa ameshafika njia kuu. Lakini Hilario uongo ulikuwa haumtoki. Ukimpa uongo aubebe, ulionekana usoni kabla hajafungua mdomo.

"Nampeleka Kisarawe, mama."

"Mjomba wake amesema?"

"Hajasema."

"Nikipiga yowe sasa hivi watatoka msikitini."

"Piga, mama. Ni haki yako."

Kwa mara ya kwanza katika miaka sita Bibi Zubeda aliinua uso akamtazama mkwewe. Kisha akautazama ule mguu uliokuwa unaning'inia ubavuni kwa Hilario, umefungwa majani yake mwenyewe. Hakuupisha mlango, ila alisogeza magoti kidogo, na Hilario akapita. Yowe alilipiga, maana ilimpasa kulipiga. Lakini Matilda, aliyekuwa amesimama pale, alisema siku zote kwamba mama yake alikaa kwanza, akala tambuu yake, akaitema, akafunga kanga kichwani vizuri, ndipo akapiga.

Wanaume waliposikia yowe, swala ilikuwa imekwisha. Mbaraka, binamu yake Mwinyijuma, kijana mwenye mapafu, alitumwa amrudishe mtoto. Hilario alikuwa amekwisha tembea saa nzima, nusu anatembea nusu anakimbia, na mvua imeanza kumpiga usoni. Alikuwa akizungumza na Genoveva asilale. Alimtajia majina ya kuku wao. Mwanzo mtoto alimsahihisha. Halafu akaacha kumsahihisha.

Mto unaokata njia ile ulikuwa umejaa, maji mekundu yanasukumana. Hilario alimpandisha Genoveva mabegani, akaingia. Maji yalimfika kiunoni, yakamfika kifuani, mguu mmoja ukateleza, akanywa tope. Akasimama katikati, hawezi kwenda wala kurudi, na nyuma yake akasikia sauti ya Mbaraka ukingoni.

"Hilario! Mrudishe mtoto!"

"Siwezi kugeuka!" Na ilikuwa kweli, angegeuka, maji yangewachukua.

"Akifa ni wewe uliyemuua! Unasikia? Ni wewe!"

"Ni mimi!" Hilario alipiga kelele bila kugeuza kichwa. "Kawaambie ni mimi!"

Akapiga hatua, ikashika mchanga. Alipotambaa ng'ambo aligeuka, akamwona Mbaraka angali palepale, maji yamemfika magotini, hajathubutu. Walitazamana kidogo. Mbaraka akainua mkono, haikujulikana kama anatisha au anaaga, akarudi Mzenga kupeleka maneno aliyopewa.

Walifika hospitali Jumamosi asubuhi. Daktari alikuwa Mhindi, mtu mwembamba wa maneno machache. Alifungua majani, akanusa, akatikisa kichwa.

"Hii mguu iko oza," alisema. "Leo kata hapa, juu ya kifundo. Mtoto labda pona. Kesho, hapana." Akamsogezea karatasi. "Baba yake iko wapi? Lazima baba tia sahihi."

Hapo ndipo mto wenyewe ulipokuwa. Hilario alijua kuandika jina lake, katekista alimfundisha. Kilichomshinda ni lile neno. Miaka sita, kila alipoulizwa kama huyu ni mwanawe, alijibu, "Ni mtoto wa Matilda," kwa kuwa ndiyo kweli, na kwa kuwa hakutaka kuchekwa. Akisema sasa kwamba si baba, karatasi itamngoja mjomba, na mguu hautangoja. Akisema ni baba, na mtoto afe chini ya kisu, hatakuwa na pa kutokea. Atakuwa amemwondoa mtoto, amemkata mtoto, na amejiita asichokuwa. Kibwana alikuwa na afadhali, Kibwana alizaa.

"Iko baba ao hapana?" daktari aliuliza.

Akakumbuka kitu. Katika yale machache aliyosomewa, mtoto Yesu alipopotea siku tatu na wazazi wakampata hekaluni, Maria alimwambia mwanawe: tazama, baba yako na mimi tulikuwa tukikutafuta kwa huzuni. Baba yako. Maria, aliyejua kuliko mtu yeyote duniani mtoto yule ni wa nani, alisema baba yako, wala hakuna aliyemsahihisha.

"Mimi ni baba yake," alisema Hilario, akachukua kalamu.

Siku nne mtoto alikuwa hapa na hayupo. Hilario hakulala. Alikaa chini kando ya kitanda, akimlowesha midomo kwa kitambaa, na kila pumzi ya Genoveva ilipochelewa, ya kwake nayo ilisimama. Siku ya tano homa ilishuka, mtoto akaomba uji, akanywa vijiko vitatu, akalala usingizi wa kawaida. Alasiri ya siku hiyo Mwinyijuma akaingia.

Alikuwa mtu mkubwa, mwenye bakora, tope la njia limemkaukia mpaka mapajani. Hilario alisimama.

"Shikamoo, shemeji."

Mwinyijuma hakuitika. Alikwenda kitandani, akafunua shuka, akautazama mguu uliofungwa bendeji, unaoishia mahali ambapo mguu hauishii. Mkono wenye bakora ulipanda. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaita muuguzi. Mwinyijuma akabaki hivyo, bakora juu, halafu akaishusha taratibu na kuketi sakafuni.

"Mkeo Sikudhani yuko kwa mama," alisema. "Vyombo vyake vimekwisha kuhamishwa. Baraza linaningoja mimi. Nikisema umekosa, ndoa yenu imekwisha, na huyu hutamwona tena. Nikisema hukukosa, basi mimi ni mjomba wa nini? Kesho kila mwanamume atabeba watoto wetu awapeleke anakotaka. Na watu wananiuliza, Mwinyijuma, ulikuwa wapi mtoto akioza? Nilikuwa Rufiji nabishania bei ya mikeka." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nitakwenda kusema nini mbele yao?"

Hilario naye aliketi. 

"Salamu zetu zilikufika?"

"Zilinifika siku nilipokuwa naanza kurudi. Mguu ulikuwa umekwisha kukatwa."

"Zingekufika mapema, ungesemaje?"

Mwinyijuma alimtazama kwa hasira, kisha akamtazama mtoto. 

"Ningesema mpeleke," alisema mwishowe. "Ningesema mkimbize, usimngoje mtu."

"Basi ulinituma," alisema Hilario. "Kawaambie ulinituma."

"Uliwaambia mtoni ni wewe. Mbaraka kanieleza."

"Mtoni palikuwa na kelele. Nani anajua Mbaraka alisikia nini?"

Na huyo ndiye mtu ambaye uongo ulikuwa haumtoki. Mwinyijuma alimkodolea macho, akainama, mabega yakamtikisika, na Hilario hakujua kama shemeji yake anacheka au analia. Alipoinua kichwa alisema, kwa kuchelewa sana, "Marahaba." Kisha akauliza kama kuna mahali karibu wanapouza chakula.

Genoveva alikuwa amefumba macho, lakini hakuwa amelala. Alisikia yote.

Walirudi Mzenga baada ya wiki saba. Baraza lilikaa kwenye uwanja wa msikiti, na Mzee Husseini, mkubwa wa wazee, ndiye aliyeuliza. Hilario alikuwa amesimama pembeni, Genoveva mgongoni, kwa kuwa fimbo zake za kutembelea zilikuwa hazijachongwa. Matilda alikuwa upande wa wanawake na mama yake.

"Mwinyijuma," alisema Mzee Husseini. "Mtoto wenu amekatwa mguu. Nani alitoa ruhusa?"

"Niliitoa mimi," alijibu Mwinyijuma, sauti imeshiba. "Kabla sijasafiri nilimwambia Hilario: lolote likimpata Mwanamvua, usiningoje. Mama hakujua. Nilimtuma mimi."

Minong'ono ikapita. Bibi Zubeda alitazama chini, akatema tambuu yake, hakusema kitu. Mzee Husseini akatikisa kichwa kwa kuridhika, akawageukia vijana, akawaambia wamtazame Hilario wajifunze: huyo ndiye mkwe, mtu mtiifu, asiyemgusa mtoto wa watu mpaka mwenyewe aseme. Wazee wakaitikia, naam, naam. Matilda akawa amekwisha kuinuka kwenda kukusanya vyombo vyake.

"Lakini baba," Genoveva alianza, karibu kabisa na sikio la Hilario, na kwa sauti ya kutosha kufika barazani, "si ulisema..."

Hilario alipeleka mkono nyuma, akautafuta ule mguu aliobakiwa nao mtoto, akamfinya. Alimfinya kwelikweli, mpaka machozi yakamtoka, na wazee wakadhani anamlilia mjomba wake kwa shukrani.